Salamu za Beatus Hyera

Siku Sekela Mwakalobo alipofika Mbinga, Beatus Hyera alikuwa amekwisha kuzikwa tangu kiangazi, na asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amemsalimia.

Alimsalimia Sekela akiwa kwenye treni, Njombe imeshapita na Songea bado. Salamu za kampuni zilianza saa mbili kama ilivyo desturi, nyuso tisa zikajipanga kwenye kioo kidogo alichokiegemeza kwenye begi. Sekela alikuwa amevuta mtandio hadi karibu na kidevu. Hakupenda kuonwa, wala kusikiwa na abiria wa kiti cha jirani.

"Dada Sekela, mbona leo nyuma yako kunatikisika?" Beatus aliuliza. "Ndo mmeanza kujenga juu ya migomba huko Tukuyu?"

Wote wakacheka. Beatus mwenyewe alipocheka alishika shavu, kama mtu anayeumwa jino. Ndivyo alivyocheka siku zote.

"Niko safarini, kaka," Sekela akajibu kwa sauti ndogo.

"Safari njema. Ukiona parachichi nzuri usitusahau."

Bi. Saumu Kitwana, mkuu wao, akaendelea kuzungukia nyuso kama mama anayehesabu vifaranga. Habari za nyumbani, Magesa? Nzuri. Habari za nyumbani, Beatus?

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Mama Severina anawasalimu."

Zikaisha. Dakika tano, si zaidi, kila mtu akaingia kazini kwake. Sekela alizima kioo akabaki anaangalia misonobari ikipita dirishani. Hakuwa amemwambia Beatus kwamba safari hiyo ilikuwa ya kwenda kwake.

*

Kampuni yao iliitwa Malango. Ililinda milango ya mabwawa ya Bonde la Lukande, ambako mito mingi midogo hushuka kwa hasira na kujaa kwa muda mfupi kuliko unavyochemsha maharage. Zamani walinzi wote walikaa Dodoma, katika jengo moja refu lenye vipoza hewa, wakitazama mvua ya mahali wasipopajua. Beatus alikaa huko kwenye chumba cha kupanga, mkewe na mtoto wakiwa Mbinga. Alikuwa akisimulia kwa kicheko kwamba siku moja alirudi likizo, binti yake Severina akamkaribisha vizuri sana, akamletea maji ya kunawa, akamwita mjomba.

Halafu Bi. Saumu akapigania kazi ya mbali. Alibishana na bodi ya bonde miaka mingi hadi wakachoka. Jengo likarudishwa kwa mwenyewe, na pesa iliyokuwa ikiliwa na kodi na vipoza hewa ikanunua vipimo vipya vya maji kwenye kila bwawa. Watu waliokuwa wakiacha kazi kila mwaka wakaacha kuacha. Magesa alirudi Musoma, akaoa. Beatus alirudi kwenye kahawa yake. Sekela, aliyesomea mashine chuoni na kuogopa watu tangu utotoni, alirudi Tukuyu kwa baba yake aliyepooza upande mmoja, na akagundua kwamba anaweza kuwa binti na mfanyakazi ndani ya siku moja bila kimoja kukiibia kingine. Hakuna kitu alichokithamini zaidi ya hicho.

Mapacha walikuja baadaye. Pacha ni mashine iliyojifunza sura yako, sauti yako na mazoea yako, ikakaa kwenye kioo badala yako pale unapomgeuza baba kitandani au kumpeleka mtoto kliniki. Pacha anaruhusiwa kusalimia, kusoma vipimo, kuandika taarifa. Mwanzoni alikuwa na alama ya kijani pembeni ya uso. Watu wakalalamika kwamba inawafanya waonekane wavivu, ikaondolewa.

Kitu kimoja pacha hakuruhusiwa: kufungua lango. Ukifungua mapema unakausha mashamba ya juu, ukichelewa unazamisha nyumba za chini. Sheria ilisema uamuzi huo autoe mtu mwenye damu, kwa kinywa chake, akiwa amevaa bangili ya kazi inayosikiliza mapigo ya mkono. Mashine inauliza, "Mlinda lango, neno lako?" na mtu anasema fungua au anasema subiri.

Sekela ndiye aliyekuwa mlezi wa mapacha wote tisa. Aliwafundisha, aliwarekebisha, na mara mbili kwa mwaka alitakiwa akutane na kila mfanyakazi uso kwa uso, mahali popote, aone kama pacha bado anafanana na mwenyewe. Zamu ya Beatus ilikuwa imeahirishwa, ikaahirishwa tena. "Wiki ijayo, dada, kahawa imenishika," alikuwa akisema kwenye kioo. Sekela aliona aibu kumsukuma mtu mzima.

Kisha mvua za kwanza zikashuka. Jioni moja maji yalipanda kwenye bwawa la Beatus, mashine ikaomba neno, neno halikuja. Robo saa ilipokwisha swali lilirukia kwa mtu wa akiba, na wiki hiyo wa akiba alikuwa Sekela. Alikuwa na kijiko cha uji mkononi. Alisoma vipimo, akasema fungua. Lakini maji yalikuwa yameshatangulia. Katika kijiji cha Mkeha nyumba za bondeni ziliingiwa hadi madirishani, na mama mmoja alivunjika nyonga akimtoa mjukuu wake kupitia ukutani.

Asubuhi yake Beatus aliomba radhi kwenye salamu. "Mtandao ulinikatikia, jamani. Nimeumia sana." Akashika shavu.

Hapo ndipo Sekela alipokata tiketi. Alijua Beatus huwa hashiki shavu anapohuzunika.

*

Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye kilima kilichochimbwa mashimo ya ngolo, ya kushika maji ya mvua, kutoka juu hadi chini, kama sega la nyuki. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mwanamke alikuwa anapalilia karibu na uzio. Alipomwona mgeni aliweka jembe chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akatabasamu kama mwenyeji. Kisha akamtambua, na tabasamu likabaki lilipo bila kuwa na kazi.

"Wewe ni Sekela," alisema. "Huwa nakuona kwenye kioo chake."

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu. Karibu ndani."

Sekela hakuingia. Alikuwa anaangalia mkono wa kushoto wa yule mwanamke. Juu ya kifundo kulikuwa na kipande cha kitenge kilichofungwa vizuri, ili udongo usipenye, na chini ya kitenge taa ndogo ya bluu ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, kwa mwendo wa moyo.

Bangili haikujua majina. Ilijua kitu kimoja tu, kwamba chini yake damu inatembea. Waliotunga sheria hawakufikiria kwamba mtu anaweza kumvalia mwenzake.

"Kaka Beatus yuko wapi?" Sekela aliuliza, ingawa alikuwa ameshaona msalaba mpya wa mbao nyuma ya nyumba, pembeni ya miche ya kahawa.

Mama Severina, ambaye jina lake ni Osmunda, akageuka kuutazama pamoja naye.

"Alianguka pale kwenye kichanja cha kahawa," alisema. "Alikuwa anageuza punje. Akaniambia, Osmunda, nipe maji. Nilipotoka nayo alikuwa ameshakwenda."

Sekela alitaka kusema pole. Aliketi pale pale kwenye ukingo wa shimo la ngolo, na Osmunda akaketi kando yake, kama wanawake wawili wanaopumzika kazini.

"Tulimzika. Siku ya matanga kuisha nikaingia chumbani kwake nizime mitambo. Severina alinielekeza kwa simu pa kubonyeza. Naingia, namsikia anawasalimia. Anamtania yule wa Musoma kuhusu dagaa. Anacheka." Osmunda aling'oa gugu, akalitupa. "Wifi, ningeuaje kicheko? Nikasema kesho. Kesho yake naye akasema mama Severina anawasalimu. Mimi! Ananitaja mimi, kwa jina la mwanangu, kwa sauti ile. Nikasema basi, kesho kutwa."

"Na bangili?"

"Ilikuwa inalia. Ililia toka alipovuliwa, nikaivaa ili inyamaze." Alikifunua kitenge, akaiangalia bangili. "Mshahara ukaja. Severina yuko mwaka wa mwisho, anasomea uuguzi. Sitakudanganya. Mshahara nao ulininyamazisha."

Upepo ulipita juu ya mahindi. Kutoka dirishani ilisikika sauti ya Beatus, taratibu, ikisoma kipimo cha bwawa kwa mashine nyingine mahali pengine.

"Ile jioni ya mvua," Sekela alisema.

"Iliniuliza." Osmunda alifumba macho. "Nilikuwa nasonga ugali. Ikaita, mlinda lango, neno lako? Nikakimbilia chumbani. Nikasimama na mwiko. Ikauliza tena. Nikaiambia sijui. Ikasema haijanielewa. Nikasema, jamani sijui, ulizeni wengine! Ikasema haijanielewa." Alifungua macho. "Kuna waliokufa?"

"Hapana. Kuna mama aliumia. Nyonga."

"Mzee?"

"Bibi."

Osmunda alianza kulia bila sauti. Sekela, ambaye hakuwahi kumgusa mtu asiye wa nyumbani kwao, aliweka kiganja mgongoni mwake, akakiacha hapo.

"Unajua kilichoniuma mazishini?" Osmunda alisema baadaye, akijifuta. "Watu waliniuliza, wenzake wa kazini wako wapi? Mtu wa serikali za mitaa akifa hapa linakuja basi zima. Wanasoma rambirambi, wanavaa vitambaa, wanabeba jeneza kwa zamu. Mume wangu miaka yote ile, hata shada moja hakuna. Baba yake mdogo akasema labda huyu alikuwa anatudanganya, hakuwa na kazi. Nikasema wako mbali. Wako mbali, ndo nikaendelea kusema hivyo."

"Tungekuja," Sekela alisema. "Hatukujua."

"Najua, wifi. Ni mimi sikusema. Lakini na ninyi," alisema, na hakukuwa na ukali wowote katika sauti yake, "kila siku mlimuuliza habari za nyumbani."

*

Alimpigia Bi. Saumu akiwa kituoni Songea, kwenye benchi la mwisho. Alieleza kwa kigugumizi.

"Inna lillahi," Bi. Saumu alisema. "Beatus. Beatus wetu." Akapumua kwa nguvu. "Mama watoto umemwachaje?"

"Nimeivua bangili. Lango lake nimelihamishia kwangu kama mtu wa akiba, mimi ndiye ninayelilinda kwa sasa. Lakini pacha nimemwacha. Sikuweza kumzima, yule mama akiwa amesimama pale."

"Vizuri. Usimzime. Hebu nisikilize, mwanangu. Ijumaa Injinia Chilongani wa bodi atakaa nami kwenye salamu. Unajua anachokitafuta. Anataka sababu moja tu ya kuwarudisha wote Dodoma. Wameshapata na jengo. Sasa wewe nenda ukampe habari kwamba marehemu alilinda bwawa lake toka kiangazi hadi mvua zikafika."

Sekela alivuta mtandio hadi kidevuni.

"Tutasema Beatus ameacha kazi. Pacha wake ataaga mwenyewe siku hiyo, kwa adabu, kwamba amechoka anarudi shambani. Halafu unamzima. Lango linapata mlinzi mpya. Yule mama hatasumbuliwa na polisi, maana akisemwa atasumbuliwa. Na mimi nitamtafutia kitu mfukoni mwangu, wallahi. Nani anaumia?"

"Na Mkeha?"

"Mkeha walishaambiwa mtandao."

Treni iliingia. Watu walianza kusimama na mizigo yao.

"Sekela. Baba yako atabaki na nani?"

"Sijui, bibi."

"Basi mfundishe pacha maneno mazuri," Bi. Saumu alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko Sekela alivyowahi kuisikia. "Ya heshima. Alikuwa mtu wa heshima."

*

Baba yake alikuwa ameketi barazani, blanketi mapajani, redio imewekwa upande wa sikio zima. Binamu aliyemwangalia kwa siku hizo alikuwa ameshaondoka.

"Umetoka msibani," alisema kwa ulimi wake mzito.

"Nani kakwambia?"

"Umepita mlangoni hujanisalimia."

Sekela akarudi, akapiga goti, akasalimia. Halafu akamweleza, maana katika nyumba ile hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

"Wakinirudisha Dodoma utabaki na nani, baba?"

"Na redio."

"Redio haikugeuzi."

"Wala hainilazimishi uji usio na sukari."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alipoona binti yake hacheki aliacha, akaangalia migomba iliyolowa. Sekela alimwona anavyoukaza mkono mzima kwenye blanketi. Mwaka ambao yeye alikuwa Dodoma, jirani alimkuta mzee sakafuni, akiwa ameshalala pale tangu alfajiri. Hawakuwahi kuizungumzia siku ile. Hawakuizungumzia na sasa.

Alimgeuza, akampaka mafuta mgongoni, akaingia chumbani kwake kumfundisha marehemu kuaga.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kumfundisha pacha ni kama kumfundisha mtoto salamu: unamwambia, anarudia, unamsahihisha. Beatus alikaa kwenye kioo amevaa shati lake la drafti.

"Ndugu zangu," alisema, "nimefanya kazi na ninyi kwa furaha. Sasa nimechoka. Nimeamua kurudi shambani." Kisha akacheka, akashika shavu. "Kahawa nayo inataka bwana."

Sekela hakuwa amemfundisha hilo la mwisho. Alilitoa mwenyewe, kutoka katika mazoea yake, na lilikuwa ni jambo ambalo Beatus angelisema kweli.

Akampigia Osmunda. Aliona hana haki ya kulimaliza bila yeye kujua. Alimweleza mpango wote, polisi na bodi na jengo, akamweleza na habari za baba yake, jambo ambalo hakukusudia.

"Aache kazi?" Osmunda aliuliza. "Beatus?"

"Ndivyo itakavyosemwa."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Haya, wifi. Ninyi ndio mnaojua. Mimi nimeshakosa, siwezi kuchagua." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ila umzuie asicheke anapoaga. Hilo tu nakuomba. Watu wasije wakakumbuka kwamba aliondoka anacheka."

Sekela alijaribu. Alimrudisha Beatus mwanzo, akamwambia asicheke. Akasema maneno yote, akamaliza kwa uso mkavu, akawa mtu mwingine kabisa, mtu anayefanana na Beatus kama picha ya kitambulisho. Alipomwachia uhuru alicheka. Hakukuwa na njia ya katikati. Na wakati akihangaika naye, Sekela aliona kitu ambacho mlezi wa mapacha alipaswa kukiona siku nyingi.

Pacha alikuwa amejifunza kila kitu kutoka kwenye zile dakika tano za asubuhi. Na katika dakika tano hakuna mtu aliyewahi kufika mbali. Kwao Tukuyu, kama kwa Beatus Mbinga, kama kwa Bi. Saumu Pangani, mtu akiulizwa habari husema nzuri. Hata jeneza likiwa sebuleni, husema nzuri kwanza, kwa heshima ya anayeuliza. Kisha anayeuliza hubaki amesimama. Hangoji chochote, amesimama tu, anafukuza inzi, anaangalia mawingu. Na hapo ndipo mwenye habari husema, lakini. Lakini mtoto hajalala vizuri. Lakini tuna msiba.

Beatus wa kwenye kioo hakuijua hiyo lakini. Hakuna aliyewahi kubaki amesimama mbele yake muda wa kutosha.

*

Ijumaa mvua ilinyesha Tukuyu tangu alfajiri. Sekela alimlisha baba yake, akamweka dirishani, akafunga mlango wa chumba chake. Nyuso zikajitokeza. Kando ya Bi. Saumu aliketi mwanamume mwenye mvi fupi na kalamu mfukoni, Injinia Chilongani.

"Mgeni wetu ataona tunavyoanza siku," Bi. Saumu alisema. Alikuwa amejipaka wanja, na macho yake yalikuwa mekundu. "Tulipokuwa kwenye jengo, Injinia, nilikuwa nabadilisha watu kama foronya. Leo sina aliyeondoka kwa hiari yake tangu tulipotawanyika. Kipimo kikiharibika kuna mtu anaishi karibu. Mvua ikinuka kuna mtu anaisikia. Wamejenga, wameoa, wanauguza wazazi wao. Na bonde halilipi kodi ya ghorofa."

Yote yalikuwa kweli. Ndiyo yaliyofanya moyo wa Sekela uume. Hakuna neno moja katika hayo ambalo angelikana.

"Na ile ya Mkeha?" Injinia aliuliza.

"Mtandao," Bi. Saumu alijibu, hakumtazama mtu.

Akaanza kuzunguka. Habari za nyumbani, Magesa? Nzuri, dagaa wapo. Nyuso zikacheka. Zamu ya Sekela ilikuwa kabla ya ile ya Beatus. Alikuwa ameliona hilo tangu jana, akajaribu kulisahau. Katika dirisha la pembeni Beatus alikuwa amekaa na shati lake la drafti, anasubiri kuaga. Sekela alikuwa amemwacha na kicheko chake.

"Habari za nyumbani, Sekela?"

"Nzuri," alisema.

Bi. Saumu alishafumbua mdomo kumtaja Beatus.

"Lakini," Sekela alisema.

Sauti ilitoka ndogo, kama kawaida yake. Bi. Saumu alinyamaza. Sekela alimwona akimtazama kwa macho ya kuomba, na nyuma ya ukuta alisikia redio ya baba yake, na alifikiri, bado naweza kusema lakini mvua ni nyingi.

"Lakini tuna msiba," alisema. "Kaka Beatus Hyera alifariki kiangazi, nyumbani kwake Mbinga. Nimefika, nimeona kaburi. Mkewe alibaki peke yake, alishindwa kutuambia, na sisi hatukumuuliza vizuri. Huyu mnayemwona ni pacha. Mkeha haukuwa mtandao. Neno halikuja kwa sababu mwenye kulisema hakuwepo. Mimi ndiye mlezi wa mapacha. Nilitakiwa nikaonane naye, nikaona haya kumsukuma." Aliishiwa pumzi, akaitafuta. "Tunaweza kufanya kazi tukiwa mbali, Injinia. Mimi nina baba yangu hapa, ninamgeuza, sitaki kwenda popote. Ila mwenzetu amezikwa bila hata mmoja wetu. Nimeona niseme."

Kalamu ya Injinia Chilongani ilikuwa hewani. Magesa alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Bi. Saumu aliinamisha kichwa taratibu, hadi ushungi wake ukafunika uso.

Wa kwanza kutoa pole alikuwa Beatus. Siku zote ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikuwa amesikia neno msiba, na hilo alikuwa amefundishwa vizuri na mwenyewe, tangu akiwa hai.

"Pole sana, dada Sekela," alisema, na uso wake ulijaa huzuni ya kweli, mikono yote miwili imetulia mezani, wala hakushika shavu. "Poleni nyote mliofiwa. Wafikishieni pole zangu nyumbani. Mwambieni mama asikae peke yake."

Sekela aliweka kidole kwenye kitufe. Mtu akikupa pole humwachi bila jibu.

"Asante, kaka," alisema. "Tumeshapoa."

Kisha akamzima.